Maswali yenu: Staji kwenye mikutano ya mabalozi

Tangu Juni 2025, Kongo ilipochaguliwa kukaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka ya 2026 na 2027, barua za wanafunzi juu ya staji, yaani mafunzo ya kazini, za kimataifa zinanifikia kwa wingi. Wasomaji wa zamani wanajua kwamba nilifanya staji yangu Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa za Nairobi, upande wa huduma za mikutano, nikabaki katika kazi ya ukatibu wa vikao, kisha nikarudi hapa Lubumbashi. Nimechagua barua tano. Ya mzazi wa Kampemba nimeipa nafasi kubwa, kwa kuwa najua nyumba nyingi zinaumia na jambo hilo hilo bila kuandika.

*Yaya, salamu. Niko mwaka wa mwisho wa lisansi, Uhusiano wa Kimataifa, pale chuo kikuu Kasapa. Nimeona tangazo la staji katika huduma za mikutano ya Umoja wa Mataifa. Mwenzangu wa promosheni anasema stajiere wa huko anapiga fotokopi na kuwapelekea mabalozi maji, bora nitafute staji ya siasa au ya haki za binadamu. Ni kweli? Na mimi nina sifa zinazotakiwa?*
*Mwanafunzi wa Kasapa*

Mdogo wangu, fotokopi utapiga na maji utapeleka. Mimi nilifanya yote mawili. Mwenzako hajaona tu kinachofanyika kabla ya maji kufika mezani.

Chukua kibao cha jina la nchi, kile kinachosimama mbele ya mjumbe. Baraza Kuu lina nchi wanachama 193. Kila mwaka hupigwa kura ya bahati kuchagua nchi itakayokaa kiti cha kwanza, na nyingine zote zinafuata alfabeti ya Kiingereza. Kwa Kiingereza nchi yetu iko kwenye D, katikati ya Korea ya Kaskazini na Denmark. Mkutano ukipangwa kwa Kifaransa, itafute kwenye R. Swaziland ilipojiita Eswatini mwaka 2018 ilihama kutoka S kwenda E, na nchi zote zilizokuwa katikati zikasogea. Stajiere ndiye anayepita asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, orodha mkononi, akipanga vibao hivyo kimoja kimoja. Niliwahi kumwona mjumbe amesimama nyuma ya kiti chake, mkoba begani, anakataa kukaa kwa sababu jina la nchi yake liliandikwa kwa namna ambayo serikali yake haiitambui. Kikao hakikufunguliwa mpaka kibao kingine kilipochapishwa. Wewe unayejua jinsi upande mmoja wa familia unavyoweza kuvunja kikao cha mahari kwa sababu mjomba amekalishwa mlangoni, huhitaji maelezo zaidi.

Halafu kuna karatasi. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa unataka ripoti ipelekwe kwa wahariri na watafsiri wiki 10 kabla ya kikao, na iwafikie wajumbe wiki 6 kabla. Ripoti ya Sekretarieti haitakiwi kuzidi maneno 8,500. Inatoka katika lugha sita, yaani Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na aya ya 14 lazima iwe aya ya 14 katika zote, maana mjumbe wa Senegali atasema "aya ya 14" na yule wa Chile ataitafuta kwenye nakala yake. Kuhakiki namba hizo anaachiwa stajiere mara nyingi. Nilipokuwa nikifanya kazi hiyo ndipo nilipojua kusoma alama za hati. A ni Baraza Kuu, S ni Baraza la Usalama, L ni rasimu ambayo bado inajadiliwa, Rev.1 imeandikwa upya, Corr.1 imesahihishwa. Anayezijua alama hizo anaelewa mazungumzo yamefika wapi kabla hajafungua ukurasa.

Na kuna saa, ambayo ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Kikao cha asubuhi kinaanza saa nne na kuisha saa saba, cha mchana kinaanza saa tisa na kuisha saa kumi na mbili. Wakalimani wanakaa wawili wawili kwenye vibanda vya vioo na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Kibanda cha Kiarabu na cha Kichina kina watatu, kwa sababu wao wanakalimani kwenda lugha yao na kutoka lugha yao. Saa saba ikigonga, ukalimani umekwisha, isipokuwa wenyewe wakubali kuongeza dakika chache. Sasa fikiria imebaki dakika tano. Kwenye orodha ya wasemaji wamebaki watatu, na mjumbe mwingine ameinua mkono kudai haki ya kujibu kwa sababu jirani yake ameitaja nchi yake vibaya. Katibu wa kikao anamnong'oneza mwenyekiti. Nani apewe maikrofoni sasa, nani asubiri mchana, na nani akisubiri ataona amedharauliwa? Stajiere aliyekaa nyuma ya katibu, kalamu mkononi, anaiona diplomasia ikifanyika umbali wa mkono. Mwenzako wa idara ya siasa atasoma habari hiyo kesho yake kwenye muhtasari.

Kuhusu sifa, unazo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inapokea aliye mwaka wa mwisho wa lisansi, anayesoma masta au udaktari, au aliyemaliza muda usiozidi mwaka mmoja. Staji ni miezi miwili hadi sita. Kama mzazi wako, kaka au dada yako ni mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa, hutapokelewa. Maombi yanapita kwenye careers.un.org. Katika barua yako acha sentensi za kutaka kuitumikia dunia, kila mtu anaziandika. Eleza kikao ulichowahi kukiandikia kumbukumbu, kilikuwa cha watu wangapi, zilisahihishwa mara ngapi, na nani alizipitisha. Hata kama ni chama cha wanafunzi wa kutoka Kolwezi, andika.

*Mama, mimi ni mzazi, ninakaa Kampemba. Binti yangu wa pili amepata nafasi ya staji Geneva, miezi mitatu, kusaidia mikutano ya Umoja wa Mataifa. Barua inasema hakuna mshahara, na tiketi, viza, nyumba na bima ni juu yetu. Nina parsele moja huku Annexe niliyoiweka kwa ajili ya wadogo zake wanne. Shangazi zake wanasema niuze, nafasi kama hiyo hairudi. Mama yake hataki. Binti hali vizuri, anasubiri neno langu. Nifanye nini?*
*Baba wa watoto watano*

Baba, usiuze parsele.

Naandika hivyo nikijua binti yako atasoma na machozi yatamtoka, na naomba nieleze, ili usionekane wewe ndiye uliyemfungia njia.

Barua aliyopewa ni ya kweli na maneno yake ni ya kweli. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hailipi stajiere. Kabla hajaanza lazima aonyeshe ana bima ya afya inayofanya kazi huko aendako. Geneva ni kati ya miji ghali kuliko yote duniani, chumba kinatafutwa kwa muda mrefu na mwenye nyumba anataka dhamana mbele. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand aliyekuwa stajiere wa Umoja wa Mataifa katika mji huo huo alionekana kwenye magazeti akiishi ndani ya hema dogo karibu na ziwa. Baadaye alieleza kwamba alikusudia pia watu waone hali ya stajiere ilivyo. Watu waliona, wakashangaa, na Sekretarieti haikuanza kulipa.

Jambo hili linaniuma na sitalisema kwa kuzunguka. Staji isiyolipwa katika mji ghali inawachagua watoto kwa mfuko wa wazazi wao. Aliyezaliwa Geneva anaamka kwao, anakunywa chai, anapanda tramu, jioni anarudi kwa mama yake. Binti yako, mwenye alama sawa naye au kumzidi, inabidi ale ardhi ya wadogo zake wanne. Kisha tunakuta kwenye vikao vinavyozungumzia madini ya Kongo, wanaoandaa karatasi hawajui Kasumbalesa iko upande gani wa Lubumbashi. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia, kwa sababu aliyejua alibaki Kampemba.

Shangazi wanasema nafasi hairudi. Inarudi. Matangazo ya staji yanatoka mwaka mzima, na aliyekubaliwa mara moja anajua sasa faili lake lina nguvu. Parsele ndiyo hairudi, na bei za Annexe unazijua kuliko mimi. Tena staji hiyo haimwahidi kazi hata moja mwishoni. Akimaliza miezi mitatu atarudi Kampemba na cheti, na nyumba itakuwa imebaki na deni la moyo ambalo wadogo zake watamkumbusha kila wakigombana.

Kwa hiyo afanye nini? Kwanza ajibu barua ile leo, kwa adabu, ashukuru, na aulize kama ofisi inaweza kumsogezea tarehe ya kuanza. Ofisi nyingine hukubali. Akiuliza ataje mwezi anaoutaka, asiseme "baadaye". Wakati huo huo apeleke maombi mahali panapolipa. Shirika la Kazi Duniani, ambalo liko Geneva hiyo hiyo, linawapa stajiere wake posho ya kuishi. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, nayo inatoa posho. Umoja wa Afrika una kikosi cha vijana wa kujitolea, kilichoanzishwa mwaka 2010, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35. Jumuiya ya Francophonie ina vijana wa kujitolea wa kimataifa, wa miaka 21 hadi 34, wanaopelekwa nchi nyingine kwa mwaka mzima, gharama zikibebwa na mpango wenyewe. Hiyo ya mwisho ningeitazama sana, kwa sababu Kifaransa chake ni mtaji na si kila mwombaji wa Afrika anacho.

Pia atazame karibu. Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ambayo hatuitumii. COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ina makao yake Lusaka. Kongo ni mwanachama, na Kifaransa ni mojawapo ya lugha zake za kazi. Kutoka hapa ni kilomita kama 90 hadi mpakani Kasumbalesa, kisha basi jingine. Konsuleti ya Zambia iko hapa hapa mjini, ya kuulizia habari za kukaa miezi michache. Bujumbura iko sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, CIRGL, wenye nchi 12, uliozaliwa na mkataba wa Nairobi wa Desemba 2006. Arusha iko Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ni mwanachama kamili tangu Julai 2022. Gaborone iko SADC, jumuiya ya maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Sekretarieti zote hizo zinakaribisha mikutano ya wataalamu na ya mawaziri, na zote zina shida ile ile ya watu wanaoandika Kifaransa safi. Aombe barua ya utambulisho kutoka kitivo, aambatishe ukurasa mmoja wa wasifu na ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kikao alizoandika mwenyewe, aandike moja kwa moja kwa mkuu wa utawala. Asingoje tangazo.

Na hao shangazi wanaosema uuze, waite wakae. Kama wanaamini nafasi hii, wachange. Tiketi ya basi ya Lusaka na chumba kwa familia ya parokia inayojulikana ni fedha ambayo ukoo unaweza kuikusanya bila mtu kupoteza ardhi. Waambie kiasi, waambie tarehe, mpe mmoja wao daftari.

Binti akae mezani mnapozungumza, Baba. Asisikie uamuzi kupitia ukuta. Mwambie kwamba umeona barua yake ya Geneva, kwamba kushinda kwake ni kushinda, na iwekwe kwenye faili lake pamoja na diploma.

*Mama, mtu mmoja kwenye WhatsApp amenitumia barua yenye nembo ya Umoja wa Mataifa, nimechaguliwa kuwa msaidizi wa mikutano New York. Wanataka dola 280 za kufungua dosie na nyingine za kitambulisho. Wamenipa siku tatu. Rafiki yangu ameshalipa.*
*Msomaji wa Ruashi*

Usilipe hata franka moja. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote, kuomba, kuhojiwa, kufanyiwa karatasi wala mafunzo, na hauombi namba ya akaunti yako ya benki kwa WhatsApp. Hakuna anayechaguliwa bila kuomba. Barua pepe ya kweli ya Sekretarieti inaishia na un.org, bila neno jingine baada yake. Rafiki yako aende kwa wakala wa mobile money alikolipia na aripoti leo hii, pengine fedha bado haijatolewa. Asione aibu. Hao wezi wanaandika vizuri, na wanajua vijana wetu wanatafuta nini.

*Yaya, mimi ni mtoto wa Goma. Nimekuja Lubumbashi kumalizia masomo baada ya mji wetu kutekwa Januari 2025. Nimekubaliwa staji kwenye sekretarieti ya taasisi moja ya kanda, na mikutano nitakayosaidia inahusu mashariki ya Kongo. Mama na wadogo zangu wamebaki Goma. Wananiambia, ukisikia kitu huko ndani utuambie, tujue kama tukimbie. Nimeweka sahihi ya kutunza siri. Nikae kimya hata kwa mama yangu?*
*Binti wa Katindo*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma na kuirudia, na nakujibu kama ningemjibu wa tumbo moja.

Tunza siri. Nakuomba uitunze kwa ajili ya mama yako mwenyewe. Katika kikao cha faragha husikii saa ambayo watu wa Goma watakimbia. Unasikia serikali zikieleza misimamo, zikivutana juu ya neno moja la rasimu, zikitishana kidogo, zikirudi nyuma. Nusu ya yanayosemwa asubuhi yamefutwa jioni. Ukimpigia mama sentensi moja ya asubuhi, kabla ya giza itakuwa kwenye vikundi vya simu vya mtaa mzima, na mwisho wake wataandika "imetoka ndani ya mkutano". Familia zitafunga mizigo usiku kwa neno ambalo limeshafutwa. Na kama kuna anayefuatilia nani anaongea na nani, simu itakayotafutwa ni ya mama.

Lakini siri haifuniki kila kitu, na hapa unaweza kuwasaidia kwa kweli. Jifunze ndani ya wiki ya kwanza kipi ni cha faragha na kipi ni cha wazi. Tamko la mwisho la wakuu wa nchi ni la wazi. Vikao vya wazi vya Baraza la Usalama vinarushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya Umoja wa Mataifa ya mtandaoni. Azimio 2773 la 21 Februari 2025, lililopitishwa kwa kura zote 15 na kuwataka waasi wa M23 waondoke Goma na Bukavu, ni la wazi, na maandishi yake yapo kwa Kifaransa. Mpigie mama, msomee aya kwa aya, mfafanulie kwa Kiswahili maneno ya kisheria. Watu wa nyumbani wanaishi kwa uvumi. Mtoto anayewasomea maandishi yenyewe, na kuwaambia "hili limeandikwa, hili halijaandikwa", amewapa kitu ambacho redio ya mtaa haiwezi kuwapa.

Kabla ya siku ya kwanza, mwambie msimamizi wako kwamba mama yako yuko Goma. Usifiche. Mwombe akuelekeze kwa nani uende kama utasikia jambo linalogusa maisha ya watu moja kwa moja, ili siku hiyo ikija uingie kwenye ofisi yake papo hapo badala ya kushika simu peke yako koridoni. Na una haki ya kuomba usipangwe kwenye chumba fulani. Msimamizi mwenye utu ataelewa.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza. Utakaa nyuma ya ukumbi na kusikia Ndosho, Majengo, Katindo yenu ikisomwa kutoka kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mawe meusi ya mji wenu. Utatakiwa kuandika kwamba mjumbe "ameonyesha wasiwasi mkubwa". Andika alichosema, usiongeze wala usipunguze. Ila akichanganya Mugunga na Bulengo, au akiweka Sake kusini ya ziwa, wewe ndiye katika chumba kile unayejua. Andika kwenye kipande cha karatasi, "Bulengo, si Mugunga", mpelekee katibu bila kelele. Kumbukumbu za kikao zinasomwa miaka mingi baadaye na mahakama, na wachunguzi, na wanafunzi. Jina la mahali likiwa sahihi, waliokuwa mahali hapo wanaweza kupatikana. Mimi kazi hii niliipenda kwa sababu hiyo kuliko nyingine zote, na nafurahi kwamba karatasi hizo sasa zitapita mikononi mwa mtoto wa Goma.

Machozi yakikujia katikati ya kikao, toka. Mlango wa nyuma upo kwa ajili ya watumishi wa kikao. Nawa uso, kunywa maji, rudi mahali pako. Hakuna atakayeandika.

*Mama, nasoma ISP, chuo cha ualimu, hapa Lubumbashi, ninakaa Katuba. Kifaransa changu ni kizuri, Kiingereza ni cha shule, Kiswahili ni cha nyumbani. Sina mtu Kinshasa wala nje. Nianzie wapi, bila fedha?*
*Wa Katuba*

Kifaransa na Kiingereza ndizo lugha mbili za kazi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kwa kanuni Kifaransa kinatosha. Kwa maisha ya kila siku hakitoshi, barua pepe nyingi zitakuja kwa Kiingereza. Kazana nacho, lakini anza na kusoma kuliko kuongea, maana stajiere wa mikutano anasoma mchana kutwa. Kiswahili si kati ya zile lugha sita za Umoja wa Mataifa. Ila SADC ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022, na Arusha kitakufungulia milango. Soma sanifu sambamba na kile chetu cha Katuba, kwa sababu kwenye karatasi watataka sanifu.

Bila fedha, anzia hapa mjini. Omba kuhudhuria kikao cha wazi cha Bunge la mkoa pale jengo la 30 Juin, kaa na daftari, andika nani amesema nini, kisha linganisha na magazeti ya kesho yake. Kila Juni kuna DRC Mining Week, mkutano mkubwa wa madini, hapa Lubumbashi, na wageni wa nchi nyingi wanahitaji watu wa kupokea, kupanga beji na kuongoza ukumbini. Peleka jina lako mapema, Aprili tayari ni kuchelewa kidogo. Kwenye parokia au chama chenu, jitolee kuwa mwandishi wa kumbukumbu, na uzoee kuzitoa siku ile ile.

Kisha fanya zoezi moja ninalowapa wote wanaokuja kwangu. Maktaba ya Umoja wa Mataifa kule New York inaitwa jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu aliyefariki ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, akiwa njiani kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, wakati mji wetu ulikuwa unaitwa Élisabethville. Hati za maktaba hiyo ziko wazi mtandaoni bila malipo. Nenda maktaba ya Halle de l'Étoile au popote penye intaneti, tafuta azimio 161 la Baraza la Usalama, la 21 Februari 1961, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Weka nakala mbili sambamba, fuata aya kwa aya, tia alama kila neno la Kiingereza usilolijua ukitumia Kifaransa kulielewa. Halafu funga zote mbili na uandike kwa mistari kumi nani ameombwa kufanya nini na kwa muda gani. Ukimaliza, chukua 169 ya 24 Novemba mwaka huo huo, hiyo inaitaja Katanga waziwazi, ufanye vivyo hivyo. Niletee karatasi mbili hizo na nitazisoma.